Wasomaji wanauliza: Kijito chetu kinakauka, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi jamani. Mimi ni mama mkulima huku Mgeta, Morogoro, nalima kabichi na karoti. Kijito tunachotegemea kwa kunywa na kumwagilia zamani kilikuwa hakikauki, sahivi ikifika mwezi wa tisa hamna kitu, afu masika kinakuja na tope jekundu kinasomba mpaka bustani. Juu kwenye chemchemi kuna familia imelima mpaka ukingoni na kupanda mikaratusi. Tulipewa miche ya bure tukapanda, yote ikafa. Wenzangu wanasema twende tukawashtaki. Tufanyeje?
Mama Mkulima, Mgeta

JIBU: Pole sana mama. Hilo tope jekundu na huo ukame wa mwezi wa tisa ni tatizo moja. Mvua ya mwezi wa nne ndio maji yako ya mwezi wa tisa, ila lazima kwanza izame ardhini, na mteremko ukishalimwa mpaka juu, nyasi zimechomwa na udongo uko wazi, maji hayazami, yanateremka mbio na udongo wa watu mpaka mtoni na yakishapita ndio basi tena.

Kuhusu miche, naomba msianze na miche. Anzeni kwa kupafunga hapo kwenye chemchemi, pasilimwe, pasichomwe moto, mbuzi wasiingie, muone kitakachoota chenyewe. Visiki vya miti ya asili huwa bado viko hai, mnachagua machipukizi machache yenye nguvu mengine mnapogolea, Dodoma wanaita kisiki hai na wanafanya sana. Shinyanga nako ule mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 ulifika mbali kwa sababu ulirudi kwenye ngitili, yaani desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga eneo la malisho likapumzika. Penye pengo ndio mpande, mkuyu na mianzi vinafaa, tena mwanzoni mwa mvua, na kila mche uwe na mtu anayejulikana wa kuutunza, maana mche wa wote hauna wa kuumwagilia.

Mikaratusi itoke hapo, inakunywa maji mwaka mzima. Lakini ukikata tu inachipua upya, kwahiyo visiki ving'olewe au machipukizi yaondolewe kila yanapotokea. Na mirunda, yaani hizo nguzo za kujengea, wauze wenyewe, hiyo hela ni ya ile familia.

Sasa kuwashtaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na chanzo cha maji nacho kinalindwa, kwahiyo kisheria mna pa kusimamia. Mimi lakini nakusihi msianzie huko. Hapo hapo kwenye milima yenu ya Uluguru wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu kweli, tena udongo usio na rutuba ukaja juu, mwaka 1955 vurugu zikazuka Matombo na mpango wote ukaachwa. Huko kwenu Mgeta matuta yapo mpaka leo kwa sababu mboga zinalipa! Mtu hutunza kinachomlisha. Hiyo familia ikiambiwa tu ondoka watoto wao watakula nini? Wapeni kipande kingine, au mkawachimbie makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji yasiteremke mbio, kwenye shamba lililobaki, na hapo kwenye chemchemi waweke mizinga ya nyuki na wakate majani ya ng'ombe.

Mkishakubaliana, pelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji itungwe sheria ndogo, ipitishwe na halmashauri ya wilaya, afu muunde jumuiya ya watumia maji na kuisajili kupitia Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ofisi ziko Morogoro mjini. Na msikate tamaa mwaka wa kwanza, kijito hakirudi kwa masika moja. Dalili ya mapema ni maji kupungua tope mvua ikinyesha.

SWALI: Mimi niko Dar, nalipa bili yangu ya maji kila mwezi. Haya mambo ya milimani yananihusu nini?
Msomaji, Tabata

JIBU: Yanakuhusu sana kaka. Sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka mto Ruvu, na Ruvu inaanzia milima ya Uluguru, hata maji ya Mgeta ya huyo mama hapo juu yanaingia humo humo. Mwishoni mwa 2022 mto uliposhuka Dar nzima tuliingia kwenye mgao, nadhani unakumbuka foleni za madumu. Kuna wakati wakulima wa Kibungo Juu, hapo hapo Uluguru, walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti, na waliotoa hela walikuwa mamlaka ya maji ya Dar pamoja na kampuni ya soda. Mimi naona huo ndio utaratibu wa haki, anayekunywa amchangie anayetunza, kuliko kumwachia mkulima wa mlimani mzigo peke yake. Mbunge na diwani wako wakija kuomba kura waulize, kwenye hela ya maji tunayolipa Dar, ni shilingi ngapi inapanda mlimani?