Ghorofa kutokeza njiani si uzee
Ndugu, umeuliza kama zile nyumba za mbao za mtaa wa Shambles, mjini York, Uingereza, zimeinamia njia kwa uzee. Hapana, zilijengwa hivyo (ingawa nyingine zimepinda kweli!). Viwanja vilikuwa vyembamba na mtaa ulikuwa wa mabucha: chini duka, juu familia. Fundi alirefusha boriti za sakafu zikapita ukuta wa chini, kisha akakalisha ukuta wa juu kwenye ncha zake. Hapo mwenye nyumba amepata chumba kikubwa bila kununua ardhi zaidi, na mvua haiupigi sana ukuta wa chini. Nyama nayo ilipata kivuli. Ndoano na rafu za wauza nyama bado zipo nje ya baadhi ya maduka.

Fremu ni mwaloni uliochongwa ukiwa mbichi, ulimi uliochongwa mwishoni mwa mbao moja unaingia kwenye tundu la nyingine, halafu unapigiliwa kigingi cha mti, si msumari. Katikati ya nguzo ni fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Bibi yangu angeuona ukuta ule asingeshangaa hata kidogo.