Raporo ya bayeri haigeuke afishi ya mama wa bidoni

SWALI: Yaya, jambo. Niko animatere wa proje ya maji hapa Goma. Niliandika raporo ya Kifaransa, bayeri (mwenye kutoa pesa ya proje) akafurahi. Shefu wa kartie akaomba afishi ya Kiswahili, basi nikaweka ile raporo ku telefone itafsiri, nikafupisha, nikapachika. Sasa watu wanatia vidonge vya kusafisha maji ovyo ovyo na mama mmoja alimeza. Nirahisishe Kiswahili mpaka wapi?

JIBU: Mudogo wangu, hii swali miye naipata karibu kila wiki na kila mara mutu anafikiri ugonjwa ni maneno magumu. Hapana. Ungerahisisha mara kumi, ile afishi ingebaki mbaya, juu ni raporo iliyovaa kitenge. Bayeri anasoma ili aamue kama atatoa pesa tena, anataka kuona klorini, ile dawa ya ndani ya kidonge, iliyobaki ndani ya maji, miligramu 0,5 kwa lita kisha dakika 30, mulipima wapi, mara ngapi. Mama mwenye bidoni pembeni ya ziwa Kivu hana kazi na 0,5. Yeye anatafuta mukono wake ufanye nini na angoje muda gani. Ni karatasi mbili, na ile ya pili unaianza ku ukurasa mweupe, haitoke ndani ya ile ya kwanza.

Angalia ile picha ulinitumia: "Tumia kidonge kimoja kwa bidoni." Kwetu mutu akisikia kutumia kidonge anaelewa nini? Kumeza! Nesi njo anasemaka vile, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Yule mama hakukosa, alisoma muzuri kabisa. Andika "tia ndani ya maji, usimeze". Tena bidoni gani? Ya manjano ya lita 20 ao ile kadogo ya 5 ya mutoto? Na vidonge vyenyewe havifanane, ya miligramu 67 ni ya lita 20, ziko zingine za maji kidogo, na kwa macho vyote ni vyeupe. Kwa hiyo chora bidoni, chora kidonge, andika lita 20, andika ngoja nusu saa njo ukunywe. Kama maji ni chafu, wachuje kwanza na kitambaa safi.

Kisha usiulize "mama, umeelewa?" Atakujibu ndiyo mwanangu, kwa heshima tu. Mupe bidoni na kidonge umwambie nionyeshe, halafu nyamaza uangalie mikono.

Kitu kinaniudhi ni wale wa sekretaria wanaouza modeli ya raporo, unabadilisha jina la proje na tarehe tu, na wale wengine wanakuambia mashine itafanya yote. Mmoja alitaka kuonya wazazi juu ya mazuku, akaanzia ku Kifaransa ya wataalamu, mashine ikamuandikia "utoaji wa gesi ya kaboni", watu wakafikiri anasemea moshi ya magari. Na neno tunalo! Mazuku, kila mutu hapa anajua ni ile hewa nzito inayolala chini ndani ya mashimo, haina rangi, haina harufu, na inaua mbuzi sawa na mutoto. Alikuwa na kusema tu asubuhi usitume mutoto pale shimoni, kwisha.

Hapa kwetu hii si mambo ya masomo. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano kisha volkano yetu Nyiragongo kulipuka, wakati gavana alitangaza kuhamisha kartie 10 kati ya 18 za muji, maelezo ya magma chini ya muji na chini ya ziwa yalipita ku masikio yangu kama upepo na miye ni mutu wa kuandika mambo ya kitekiniki, nilikuwa nangojea jina la kartie yetu, na njia ya kupita ni gani. Mutu mwenye kushika mutoto mukononi anasikilizaka vile.

Wewe afishi mpya itachukua siku mbili tatu, sawa. Lakini zile za kwanza zitoe ku ukuta leo jioni, juu lile "tumia" bado liko pale.