Ukuta wa ufukweni: unamlinda nani?

Mkuu, umeuliza kama ni haki kodi yetu ijenge ukuta mbele ya majumba ya ufukweni, ukatolea mfano visiwa vya mchanga vya North Carolina, Marekani. Mimi nasema inategemea unamlinda nani.

Wenzetu walishabishana sana. Mwaka 1982 walitunga sheria: sehemu za visiwa hivyo zilizokuwa bado hazijajengwa, ukitaka kujenga jenga, ila bima na fedha za serikali kuu usahau. Mnara wa taa wa Cape Hatteras nao, mwaka 1999 waliubeba mzima mzima wakausogeza mbali na maji, karibu mita 880!

Huku Pangani tuna Kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa hulioni, na mayai ya kasa huhamishiwa ufukweni Ushongo yasizame. Mchanga hauna mwenyewe, unahama na maji; ukiuzuia kwako, jirani anaukosa. Kuna jamaa alijijengea ukuta, kwake pakatulia, lakini pale ukuta unapoishia bahari imechimba kwa jirani mpaka mizizi ya mnazi inaning'inia kama ndevu.

Ukuta wa Pangani mjini sina neno nao, nyuma yake kuna makazi ya watu. Ila aliyejenga hoteli ndani ya mita 60 kutoka baharini, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza, ajigharamie. Na kibali alipewa na nani?