Kazi ya meli inayopita Somalia: uliza haya kabla hujasaini

Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali kazi kwenye meli ya mizigo ya Mombasa hadi Dubai, na mama anaogopa maharamia. Hofu yake ina msingi. Machi 2024 meli ya MV Abdullah, yenye makaa ya mawe kutoka Maputo, ilitekwa mbali kabisa na pwani ya Somalia. Mabaharia wake 23 waliachiwa mwezi uliofuata.

Anza na mshahara. Tangu Desemba 2020, mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, MLC, unataka baharia aliyetekwa aendelee kulipwa mpaka aachiwe na kurudishwa kwao, hata kama muda wa ajira yake umeisha. Wakala akikwepa swali hilo, achana naye! Nyumbani watakula nini wewe ukiwa mateka? Mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, yupo Mombasa, mpelekee karatasi za mkataba azisome.

Kisha ulizia kama meli ina seng'enge ya wembe ya kuzuia maharamia kupanda, na chumba cha kujifungia chenye maji, chakula na simu ya setilaiti. Chumba hicho kinasaidia mkiingia wote. Mmoja akibaki mikononi mwa maharamia, wanajeshi wanaokuja kuwaokoa watasita kuvamia. Kengele ikilia, usirudi kufuata begi.