Unaanza Wicca ukiwa Mbeya? Anza na kijiti na kivuli chake

Tarehe 21 Juni ya mwaka wangu wa kwanza niliamka alfajiri nikiwa kwa shangazi, Isyonje, pale barabara ya kwenda Kitulo inapochepuka. Kitabu cha Wicca, dini ya kuheshimu maumbile iliyoanzia Uingereza, nilichokuwa nimepakua kwenye simu kilisema hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote, siku ya jua kufika kileleni, na kwamba nitoke peku nilipokee nikiwa na maua kichwani. Nikatoka. Umande ulikuwa umeganda juu ya mabua ya viazi, na kila nilipokanyaga majani yalilia kama chumvi ya mawe. Shangazi akatoka jikoni amejifunga kitenge mpaka masikioni.

"Mwanangu, unatafuta nini huko bila viatu?"

"Shikamoo shangazi. Nalisubiri jua."

"Marahaba. Jua la Juni husubiriwa jikoni. Ingia."

Niliingia nikaota moto, miguu inauma, na swali likanikaa moyoni miezi mingi: kama dini hii ni ya kuishi na maumbile, mbona siku yake kubwa imenikuta kwenye baridi kuliko siku zote za mwaka? Makala hii ni jibu nililolipata polepole. Ninaiandika kwa ajili yako uliyeanza kusoma habari za Wicca ukiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu, na huna wa kumuuliza.

Kwanza ujue unachojifunza kina umri gani. Wengi tunafika tukidhani ni dini ya maelfu ya miaka iliyokabidhiwa mkono kwa mkono. Sivyo. Wicca kama tunavyoijua ilitangazwa na Mwingereza mmoja, Gerald Gardner, aliyekuwa ofisa wa forodha huko Malaya kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1954, miaka mitatu baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951. Doreen Valiente, aliyejiunga naye, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ya ibada yanayosomwa mpaka leo. Walichota kwenye mambo ya kale, lakini wao wenyewe ni watu wa karne ya 20. Mimi jambo hili halikunivunja moyo, lilinifungua. Kama wao waliruhusiwa kutazama vilima na misimu ya kwao wakatunga ibada inayofanana nayo, basi nami ninayo ruhusa ya kutazama vilima vyangu.

Yaliyo ya msingi ni machache. Kuna mungu wa kike na mungu wa kiume, ingawa wapo wanaowaelewa kama sura mbili za nguvu moja. Kuna kuuheshimu mwezi, hasa mwezi mpevu. Kuna sikukuu nane zinazoitwa Gurudumu la Mwaka. Na kuna kanuni inayobeba mengine yote, kwamba ufanye utakalo ilimradi humdhuru yeyote. Wapo wanaojifunza katika vikundi kwa kuingizwa hatua kwa hatua, na wapo wengi wanaofanya peke yao. Huku kwetu utakuwa peke yako, kwa hiyo hiyo kanuni ya kutodhuru ishike vizuri, maana hakuna mkubwa wa kukusahihisha.

Sasa turudi kwenye lile jua.

London iko zaidi ya nyuzi 51 kaskazini ya ikweta. Mchana wake wa Juni unazidi saa 16, na ule wa Desemba haufiki saa 8. Mtu aliyekulia huko ameliona jua likidhoofika, likakaribia kuzimika, kisha likarudi. Ndiyo maana Yule, sikukuu ya katikati ya baridi, ni kuzaliwa upya kwa jua, na Samhain ya tarehe 31 Oktoba ni siku ya wafu, maana nje kila kitu kinakauka. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Mchana wetu mrefu na mchana wetu mfupi hupishana kwa muda wa kama saa moja tu. Jua letu halifi. Tarehe 31 Oktoba ya Mbeya si ya majani kuanguka, watu wanatazama mawingu na kunoa majembe.

Nilipogundua hivyo nilifanya kama wafanyavyo wengi wa Australia, nikaigeuza kalenda juu chini, Yule nikaileta Juni. Baridi ilikubali, mengine yakakataa. Yule ni sherehe ya watu wenye giza na ghala linaloishia, na sisi Juni ndipo tunaanza kuvuna mahindi na kuanika maharage. Nikakaa mbele ya mshumaa kuliomboleza giza huku nje watu wanapura. Niliona ninaigiza, na ibada ya kuigiza huchosha haraka.

Kilichonisaidia ni kijiti. Nakuomba ukifanye kabla hujanunua chochote. Chomeka kijiti kilichonyooka mahali pa wazi ambapo hapatapitiwa na ng'ombe, kisha kila wiki, mchana jua likiwa juu kabisa, weka jiwe dogo pale kivuli kinapoishia. Usifuate saa sita kamili, kwa sababu Mbeya iko mbali magharibi ya mstari unaotoa saa ya Afrika Mashariki. Jua letu hufika juu kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kutegemea mwezi. Ukivumilia utaona jambo ambalo Gardner hakuwahi kuliona nyumbani kwao. Mwezi Juni kivuli kinaelekea kusini, kwa kuwa jua linapita upande wa kaskazini yako. Kisha kinafupika, kinafupika, na katikati ya Oktoba kinatoweka, jua liko utosini. Baada ya hapo kinaanza kuelekea kaskazini. Mwishoni mwa Februari kinatoweka tena na kurudi upande wa kwanza.

Siku mbili za mwaka zisizo na kivuli! Ya kwanza inakuja mvua zikinukia, ya pili inakuta mahindi yamebeba. Nilipoziona hizo nililia, nasema kweli. Mwaka mzima nilikuwa nikizitafuta sikukuu kwenye simu, kumbe zilikuwa zinapita juu ya kichwa changu.

Kuna jingine linalotoka kwenye kijiti hichohicho. Vitabu vinakuambia uzungushe duara la ibada kwa mkono wa kulia, vinasema ndiko jua linakozunguka. Kwao ni kweli, maana jua lao hupita kusini siku zote, na ukilitazama linatoka kushoto kwenda kulia. Sisi kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba tunalitazama kaskazini, nalo linatoka kulia kwenda kushoto. Mimi nimeamua hivi: jua likiwa kusini kwangu nazunguka kwa kulia, likiwa kaskazini nazunguka kwa kushoto. Hakuna aliyenifundisha. Wapo watakaosema nimekosea, lakini mimi nalifuata jua lililo juu yangu.

Na mwezi pia. Usihangaike na michoro ya mwezi uliosimama wima kama upinde. Mwezi mchanga wa kwetu mara nyingi hulala chali kama mtumbwi. Uchore kama ulivyouona.

Nguvu nne, yaani ardhi, hewa, moto na maji, hazikunisumbua, nchi yenyewe ilinipangia. Vitabu huweka ardhi kaskazini, na ukisimama Mbeya mjini ukatazama kaskazini ni Loleza na safu yake imekuzibia anga. Moto huwekwa kusini, na kusini yetu ni milima iliyozaliwa na moto: Rungwe, Ngozi, na Kyejo uliotapika mara ya mwisho miaka 200 hivi iliyopita. Maji ni magharibi, na magharibi ziko chemchemi za maji moto za Songwe. Mashariki ni hewa, na huko ndiko kuliko wazi kuelekea bonde la Usangu. Ukiwa Iringa au Makete hutapata mpangilio huu, na hupaswi kuulazimisha. Simama mlangoni kwako, uliza upande gani una nini.

Kisha nunua daftari la kaunta. Wenzetu huliita Kitabu cha Vivuli. Langu lina mambo ya kawaida sana: siku kumbikumbi walipotoka, siku niliponusa udongo uliolowa, lini miyombo ya njia ya Makambako ilitoa majani yake mekundu ilhali hakuna tone lililodondoka. Lini uyoga ulianza kupangwa kando ya barabara. Lini ulanzi wa kwanza ulitoka Iringa, maana mwanzi hugemwa wakati wa mvua. Lini nilikuta Kitulo imechanua. Kati ya Desemba na Aprili, Bustani ya Mungu, kama Kitulo inavyoitwa, ni kweli bustani, na ninaomba sana usichume hata ua moja, kwanza ni hifadhi ya taifa, na pia zile okidi zimeumizwa vya kutosha na wanaofukua viazi vyake kwenda kuviuza Zambia kwa kutengeneza chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Baada ya mwaka mmoja wa kuandika nilipata sikukuu zangu sita bila kuzibuni. Kumbikumbi ni mojawapo. Moto wa nyika wa Septemba ni nyingine, na hiyo ni siku ya majonzi.

Kila siku, kaa dakika 20 mahali palepale. Mti mmoja tu. Wangu ni mparachichi nyuma ya nyumba, na nimejifunza kwake kuliko kwa kurasa zote nilizosoma. Usiende Ngozi peke yako kutafuta utulivu, njia inateleza na msitu ni mzito, chukua mwenyeji. Usiwashe mshumaa porini wakati wa kiangazi. Usichemshe wala kuonja mmea kwa sababu kitabu cha Ulaya kimetaja jina linalofanana na unaoujua. Rozimari na mchaichai vinatosha, na kivumbasi kina harufu ya kuijaza nyumba. Vyombo vya kuagiza kwa fedha nyingi waachie wenye nazo. Mimi natumia kibuyu cha bibi na jiwe la mto Kiwira. Kisu cha ibada usikitoe nje kabisa, na sababu ni hii inayofuata.

Neno "uchawi". Waingereza wa Wicca walilichukua neno la kwao linalotafsiriwa hivyo wakaliosha, wakalivaa kwa fahari. Kwetu halijaoshwa. Nchi hii imezika akina mama wazee waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 bado ipo, na inamgusa anayedai kuwa na nguvu hizo pamoja na anayemtuhumu mwenzake. Kwa hiyo usijiite mchawi, hata kwa utani, hata mtandaoni. Usimfanyie mtu yeyote "dawa". Usipokee fedha ya mtu. Usiguse jambo la watoto.

Nililijifunza hili kwa hofu. Usiku mmoja wa mwezi mpevu nilishuka mtoni na mshumaa, shuka jeupe begani, nikiamini mtaa umelala. Jirani aliniona. Asubuhi nilipokwenda kisimani wanawake walinyamaza, na mmoja akamvuta mwanawe nyuma ya sketi. Jioni balozi wa nyumba kumi alikuja na wazee wawili. Nilikaa kwenye kigoda, shangazi pembeni yangu, nikaulizwa nilikuwa nafanya nini. Nikasema ukweli: nilikuwa nashukuru kwa maji. Mzee mmoja akauliza, "Na kushukuru ni lazima iwe usiku?" Sikuwa na jibu. Shangazi ndiye aliyenisemea, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo, na mambo yakaisha. Lakini yule mtoto aliyevutwa bado namkumbuka. Nilikuwa nimetamka "usidhuru" kila asubuhi, na sikuwa nimefikiri kwamba hofu nayo ni dhara.

Tangu hapo ibada zangu za nje ni za mchana, na mwezi mpevu nautazama nikiwa uani kwetu. Mama yangu, Mmoravian wa tangu tumboni, nilimweleza yote. Hakufurahi. Alisema ataniombea, nikamwambia asante mama, na sijui neno jingine la haki ambalo ningeweza kumwambia.

Kuhusu matambiko ya wazee wetu, usiyachanganye humo ukadhani ni mali ya kila mpita njia. Rungwe kuna vichaka ambavyo havikatwi, vya kuzikia wakubwa wa zamani, na mara nyingi chemchemi iko karibu. Ukipelekwa, nyamaza. Usipopelekwa, usiende. Wao wanajua ni nani anayepaswa kusema nini mahali pale, na wewe na mimi hatujui.

Shangazi mwenyewe hajawahi kuniuliza jina la dini yangu. Ila kijiti changu alikiona, kwa sababu nilikichomeka kwenye ua wake, na mwanzoni alidhani nimetegea kuku. Oktoba iliyopita, kama saa sita na nusu mchana, alikuja akasimama nami, mikono nyuma, akatazama chini.

"Kivuli chake kimekwenda wapi?"

"Kimeingia chini ya kijiti, shangazi. Jua liko utosini."

Akaangalia mawe niliyoyapanga tangu Juni, moja moja, kama anayehesabu. Kisha akaelekea jikoni, akaniita nishike ngazi, tushushe mbegu darini.