Obo Katika Hewa Kavu ya Dodoma

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, nilipokuwa ningali mwanafunzi wa obo, ala ya muziki ya kupuliza, nilisimama na wanakwaya wenzangu nje ya kanisa, upepo ukivuma kwa ubaridi ule ambao wakazi wa Dodoma wanaufahamu vizuri, nikaanza kupuliza ala yangu ya mbao bila kuipasha joto. Kabla wimbo wa tatu haujaisha, sauti za chini zilikataa kutoka. Nilipoikagua niliona ufa mwembamba kama unywele ukipita katika matundu ya kipande cha juu. Kosa lilikuwa langu: pumzi yenye joto na unyevu ilitanua mbao kwa ndani, ilhali upande wa nje ulikuwa bado baridi na mkavu.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa hapa akiniuliza anunue obo ya aina gani, humshauri aanze na ya plastiki. Inauma kusema hivyo katika nchi ya mpingo, mti unaovunwa Lindi na Kilwa kisha ukachongwa obo na klarineti ng'ambo, lakini mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu, na miezi inayobaki ni ukavu mtupu. Ikiwa umekwisha kupewa ya mbao, ibane kwapani kwa dakika kumi kabla ya kupuliza, ifute ndani kila unapomaliza, na uweke katika sanduku lake kikopo kilichotobolewa chenye sponji nyevu. Iliyo mpya isipigwe zaidi ya robo saa kwa siku katika wiki za mwanzo. Kabla ya kulipia obo iliyotumika, ziba matundu ya kipande cha juu kwa vidole, ziba mwisho wake kwa kiganja, kisha fyonza hewa. Ikiwa hewa inarudi mara moja, ala hiyo inavuja.

Fedha utakazookoa zitumie kwenye ridi, yaani vile vipande viwili vyembamba vya tete vinavyofungwa uso kwa uso, kwa sababu obo nzuri yenye ridi mbovu haimsaidii mtu. Uwe nazo tatu na uzitumie kwa zamu. Ziloweshe katika maji, si mdomoni. Dakika mbili au tatu kwa kawaida hutosha, ingawa wakati wa kiangazi zangu huhitaji zaidi, nazo hukauka tena katikati ya ibada, ndiyo maana chupa ndogo ya maji haikosekani chini ya kiti changu.

Katika kupiga pamoja na wengine, jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa pumzi. Tundu la ridi ni dogo mno hivi kwamba hewa haikuishii, bali inakujaa kifuani ikiwa imekwisha kuchakaa, na ukivuta nyingine juu yake utapata kizunguzungu. Weka katika karatasi yako alama mbili tofauti, moja ya kutoa pumzi na nyingine ya kuvuta.

Katika okestra obo ndiyo inayotoa sauti ya A, noti ya kulinganishia ala, ili wengine wafuate, lakini palipo na kinanda, wewe ndiwe unayekifuata, kwa kuwa kinanda hakiwezi kusogeza sauti yake juu wala chini. Unaweza kusoma mstari wa sauti ya kwanza kama ulivyoandikwa. Karatasi ya matarumbeta ya B flati, hata hivyo, huandikwa toni moja juu ya inavyosikika, hivyo lazima uishushe toni moja. Usikubali kupewa noti za chini kabisa pale ambapo kwaya inaimba polepole na kwa utulivu, maana ni vigumu mno kuzipiga kwa sauti ndogo. Mwombe pia mwalimu wa kwaya akuachie mahali pa kunyamaza. Katika wimbo wa beti nne, mimi hupiga ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Ule wa tatu huutumia kulowesha ridi.