Maswali ya Wasomaji: Turubai na Bomba la Kutolea Maji Bwawani

SWALI: Nimechimba bwawa la samaki uani kwangu, lenye urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kina cha mita 1.2. Udongo ni wa kichanga na maji hayakai, hivyo nataka kutandika turubai la plastiki. Fundi anashauri tulitandike kwanza, kisha atoboe tundu la bomba la kutolea maji na kuziba pembeni kwa silikoni. Je, yuko sahihi? Na ninunue turubai la ukubwa gani?
Msomaji, Goba, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hapana, bomba hutangulia, turubai hufuata. Maturubai mengi ya mabwawa ni ya poliethilini, na silikoni haishikamani vizuri na plastiki hiyo. Ikibanduka, maji yatapenya chini na kuuhamisha mchanga, hadi turubai libaki halina pa kuegemea. Kinachozuia maji mahali hapo ni mbano, si gundi.

Sawazisha sakafu ya bwawa ikiinamia upande mmoja, walau sentimita 10 kutoka mwisho hadi mwisho, na hapo penye kina zaidi ufukie bomba la PVC linaloteremka hadi nje. Kwa kuwa Goba ina miinuko, huenda kiwanja chako kinaruhusu. Kama ni tambarare, usitoboe kabisa, tumia pampu. Mdomo wa bomba uufunge flanji (kisahani chenye matundu ya boliti), uuzungushie zege lililo sawa na sakafu, kisha uzibe upande wa nje na kulijaza bomba maji usiku kucha, kwa sababu uvujaji ukigundulika baada ya turubai kutandikwa itabidi ufumue kila kitu.

Kuhusu ukubwa, chukua urefu, ongeza kina mara mbili, kisha nusu mita kila upande kwa ajili ya kufukia kwenye mtaro wa ukingoni, na upana vivyo hivyo: mita 9.4 kwa 7.4. Ondoa mizizi na kokoto, mwaga mchanga laini, ndipo utandike. Tia maji kidogo ili turubai likae lenyewe bila kuvutika, yaondoe, na hapo tu ndipo ukate tundu, dogo kuliko mdomo wa flanji. Turubai likae katikati ya pete mbili za mpira, flanji ya juu ikandamize, na boliti zikazwe kwa zamu, moja na ya mkabala wake.

Ndani ya flanji chomeka bomba la wima bila gundi. Urefu wake ndio utakaoamua kimo cha maji, kwa hiyo mvua za masika zikizidi, ziada itatoka yenyewe, na ukitaka kukausha bwawa utalichomoa tu. Kileleni lifunge wavu kabla ya kuweka vifaranga. Maji yatokayo yana mbolea; yaelekeze kwenye mchicha au migomba, si kwenye kijito wala kwa jirani.